Mchezaji wa Kulipwa Alipaye

Istilahi "mchezaji wa kulipwa" imezoeleka mno katika Kiswahili cha vyombo vya habari hata ni nadra mtu kusita na kujiuliza inasema nini. Hutumiwa kumtenga mwanamichezo ambaye mchezo ndio kazi yake na yule wa ridhaa, achezaye kwa kupenda tu. Ukiitazama kisarufi, imejengwa juu ya kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa: mchezaji yuko upande wa kupokea, na kuna mlipaji asiyetajwa ambaye wajibu wake ni kutoa. Kwa mwanasoka aliyetia saini mkataba na klabu, maelezo hayo yanatosha. Klabu humlipa mshahara, humkatia tiketi ya ndege, humtibu anapoumia, na mwisho wa mwezi humhesabia chake hata kama timu imefungwa. Kwa mwanamke achezaye tenisi, istilahi hiyo hupotosha. Huyo hana klabu, hana mshahara, wala hana mwajiri. Hulipa kwanza, tena hulipa kwa miaka mingi, kabla ya kuifikia siku ya kulipwa, ambayo huenda isifike kamwe.

Jambo hili haliwahusu wanaistilahi peke yao. Katika Plateau, kusini-mashariki mwa Eldoret, katika kaunti ya Uasin Gishu, msichana akiamka alfajiri akavaa viatu vya mbio, hakuna jirani amwambiaye kwamba anacheza. Anakimbia. Lugha yenyewe imemwepusha na lawama, kwa kuwa kitenzi chake si kile cha watoto na ngoma. Isitoshe, jirani huyo anajua kwamba mbio hulipa, maana majumba na mashamba yaliyonunuliwa kwa fedha za mbio yamo katika eneo zima la Eldoret, na wenyewe wanajulikana kwa majina. Kaptagat haiko mbali, na huko ndiko anakofanyia mazoezi Faith Kipyegon, mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara 3 mfululizo: Rio mwaka 2016, Tokyo mwaka 2021 na Paris mwaka 2024. Mzazi wa Plateau hahitaji kuhubiriwa kwamba mbio ni kazi.

Msichana huyohuyo akishika raketi, maneno hubadilika. Sasa anacheza, na Kiswahili hakina huruma na neno hilo. Afanyaye jambo kwa uzembe huambiwa asilete mchezo. Jambo zito husifiwa kuwa si mchezo. Hivyo anaanza na deni la maneno hata kabla ya deni la nauli.

Kenya ina mfano wa karibu wa msichana aliyeshika raketi na asiiweke chini, naye ni Angella Okutoyi. Yeye si wa nyanda hizi, alilelewa Nairobi. Alizaliwa Januari 2004 pamoja na pacha wake, Roselida Asumwa, ambaye pia ni mwanatenisi. Mama yao alifariki baada ya kujifungua, nao wakalelewa na nyanya yao aliyekuwa mfanyakazi wa usafi katika shule moja mtaani Loresho. Okutoyi alipokuwa bado mtoto alichukuliwa na kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Tenisi (ITF) kilichokuwa Burundi. Januari 2022, mjini Melbourne, alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda mechi katika mashindano ya chipukizi ya Grand Slam, akafika raundi ya tatu. Julai mwaka huohuo, katika viwanja vya Wimbledon, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa taji la wasichana la wawili wawili kwa kuwashinda Kayla Cross na Victoria Mboko wa Kanada. Walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, na kuhitimisha kwa 11-9 katika vuta nikuvute ya mwisho. Hakuna Mkenya aliyewahi kutwaa taji la Grand Slam la ngazi yoyote kabla ya siku hiyo.

Jinsi habari hizi zilivyosimuliwa ni jambo linalofaa kuwashughulisha wanafunzi wa fasihi. Aghalabu masimulizi yalianza kwa yatima, yakapitia kwa nyanya mwenye huruma, yakaishia kwenye kombe. Yeyote aliyewahi kuketi katika darasa la fasihi simulizi ataitambua fani hiyo mara moja: ni ngano ya yatima. Mhusika mkuu hunyimwa mama, hupitia dhiki, hujaliwa msaada usiotarajiwa, na hatimaye huvikwa taji mbele ya waliomdharau. Ngano hii ni tamu na haina ubaya wowote inapokuwa ngano. Ubaya wake huanza inapotwishwa kazi ya kueleza maisha ya mtu aliye hai, kwa sababu ngano haina mhasibu. Hakuna ngano iulizayo ni nani aliyelipa nauli ya ndege wa ajabu. Taji ndilo tamati, na baada ya hapo msimulizi hunyamaza, wakati kwa mwanatenisi taji la chipukizi ndiyo siku ambayo misaada ya chipukizi huanza kupungua na gharama za watu wazima huanza.

Tena ngano hii humwondolea lawama kila mtu isipokuwa yatima mwenyewe. Ikiwa alifaulu kwa machozi na moyo mkuu, basi asiyefaulu alikosa moyo. Serikali, shirikisho, shule na wafanyabiashara hukaa pembeni wakipiga makofi. Kwa hiyo si haba kuuliza kazi yenyewe huendaje.

Mwanatenisi wa kike hujulikana kwa nafasi yake katika orodha ya ubora ya Chama cha Tenisi cha Wanawake (WTA). Nafasi hiyo hutokana na pointi alizokusanya katika wiki 52 zilizopita. Pointi hazikai, kila wiki za mwaka jana hudondoka, na asiyezirudisha hushuka hata kama hakushindwa na mtu, kwa mfano alikuwa kitandani mgonjwa au alikosa viza. Mashindano makubwa hayamfungulii mlango mtu asiye na pointi, kwa hiyo anayeanza huenda kwenye mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya ITF, yaitwayo W15, ambako jumla ya zawadi zote ni dola 15,000. Bingwa wa wiki nzima hupata kiasi kisichofika dola 2,500. Atolewaye raundi ya kwanza hupata chini ya dola 200. Mashindano hayo huchezwa mfululizo katika vituo vichache kama vile Monastir nchini Tunisia, Sharm el-Sheikh nchini Misri na Antalya nchini Uturuki. Mchezaji hujilipia hoteli, chakula, nyuzi za raketi na ndege ya kwenda na kurudi. Kocha, mara nyingi, hubaki nyumbani kwa kuwa nauli ya pili haipo.

Msomaji na alinganishe. Mwanamke anayeshinda mechi 5 mjini Monastir na kutwaa ubingwa wa W15 hupata pointi 15. Mwanamke aliyeingia Wimbledon mwaka 2025 na kushindwa siku ya kwanza aliondoka na pointi 10 na pauni 66,000. Ngazi yenyewe ina vipandio, lakini kutoka kipandio cha chini hadi cha katikati mna pengo ambalo wengi hulitazama tu. ITF ilipochunguza hali ya mwaka 2013 ilikuta wachezaji wapatao 14,000, wanaume kwa wanawake, walioshiriki mashindano ya kulipwa, na karibu nusu yao hawakupata hata senti moja ya zawadi. Kwa upande wa wanawake, mchezaji alihitaji kuwa nafasi ya 253 hivi duniani ndipo zawadi zilingane na matumizi, tena bila kumhesabu kocha. Matumizi hayo yalikadiriwa kuwa takribani dola 40,000 kwa mwaka. Huyo ndiye Kiswahili kinamwita mchezaji wa kulipwa.

Historia ya wanawake katika mchezo huu ilijengwa juu ya suala hilihili la malipo. Septemba 1970, mjini Houston, wachezaji 9 akiwemo Billie Jean King walitia saini mikataba ya dola 1 kila mmoja ili waanzishe mashindano yao wenyewe, baada ya kuchoshwa na zawadi ndogo mno zikilinganishwa na za wanaume. WTA ikaundwa mwaka 1973, na mwaka huohuo mashindano ya wazi ya Marekani yakaanza kuwalipa wanawake sawa na wanaume. Wimbledon ilichelewa hadi mwaka 2007. Ni ushindi mkubwa, na haufai kubezwa, ila ulipiganiwa na kupatikana kileleni. Usawa wa pauni 66,000 haumfikii anayehesabu sarafu za basi kutoka uwanja wa ndege hadi hoteli ya Monastir.

Mkasa wa Accra unadhihirisha jambo hili kuliko hoja yoyote. Machi 2024, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika nchini Ghana, Okutoyi alitwaa dhahabu ya tenisi ya mchezaji mmoja mmoja kwa wanawake, ya kwanza kwa Kenya katika mchezo huo tangu mwaka 1978. Bingwa wa Afrika alikuwa ametengewa nafasi katika Olimpiki ya Paris. Lakini nafasi hiyo ilikuwa na sharti: mshindi awe miongoni mwa wachezaji 400 bora wa dunia ifikapo tarehe 10 Juni 2024. Okutoyi hakuwamo. Olimpiki ikachezwa bila mwanatenisi wa Kenya.

Nchini watu walishangaa ni vipi bingwa wa bara zima ahesabiwe hatoshi. Mshangao huo ulitokana na kusimuliwa ngano kwa muda mrefu. Anayejua namna pointi zinavyonunuliwa kwa nauli asingeshangaa, angeuliza ni nani aliyepanga safari zake za miezi iliyotangulia na kwa fedha zipi. Okutoyi alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimboni Alabama, alikojiunga Januari 2023. Mechi za ligi ya vyuo vya Marekani ni ngumu na huwanoa wachezaji barabara, ila hazitoi pointi za WTA. Alikuwa akicheza kila wiki, akishinda na kushindwa dhidi ya wasichana hodari, na orodha ya dunia haikuona kitu.

Wapo wanaomlaumu kwa kuchagua chuo. Lawama hizo ni za mtu ambaye hajapiga hesabu. Chuo humpa chumba, chakula, daktari, kocha, uwanja na shahada, mambo ambayo nchini mwake hakuna aliyekuwa tayari kumpa yote kwa pamoja. Kwa binti asiye na mfadhili, huo ndio mkataba wa klabu ambao tenisi haina. Bei yake ni muda: miaka ambayo wenzake wanakusanya pointi, yeye yuko darasani na katika ligi. Ni biashara ya haki kwa upande wake. Aibu, kama ipo, ni ya wale ambao dhahabu yake waliifurahia kama yao.

Heri kumtazama aliyekuwa upande wa pili wa wavu siku ile ya Wimbledon. Victoria Mboko alizaliwa Marekani mwaka 2006, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Kongo, na akakulia Kanada. Mwaka 2022 alishindwa na Okutoyi na Nijkamp kwa tofauti ya pointi 2 katika vuta nikuvute. Miaka 3 baadaye, Agosti 2025, mjini Montreal, aliwashinda mabingwa kadhaa wa Grand Slam na kumalizia kwa Naomi Osaka katika fainali, akatwaa taji la ngazi ya juu kabisa chini ya Grand Slam pamoja na zaidi ya dola 700,000. Hakuna mwenye akili atakayedai kuwa Okutoyi angefanya vivyo hivyo. Mchezo wa wawili wawili wa chipukizi si kipimo cha maisha yote, na Mboko ana kipaji cha pekee. Hata hivyo, ipo tofauti isiyohusu kipaji. Mashindano ya Montreal ni ya shirikisho la tenisi la Kanada, nayo ndiyo humjazia shirikisho hilo mfuko wa kulea vijana. Na kwa kuwa ni yake, shirikisho lilimpa Mboko nafasi ya upendeleo kuingia. Mwenye uwanja ndiye agawaye viti.

Atakayesema kwamba Kanada ni tajiri na haifai kulinganishwa na Afrika, basi aende Tunisia. Wikendi ileile ya Julai 2022 Okutoyi alipobeba kombe lake, Ons Jabeur alikuwa katika fainali ya Wimbledon ya wanawake wakubwa, Mwafrika wa kwanza mwanamke kufika hapo tangu enzi ya malipo ianze mwaka 1968. Alishindwa na Elena Rybakina, lakini si hilo linalotakiwa hapa. Linalotakiwa ni hesabu ya miaka. Jabeur alitwaa taji la wasichana la Ufaransa mwaka 2011. Toka taji hilo hadi fainali ya Wimbledon ilipita miaka 11, na mingi kati ya hiyo ilikuwa ya hoteli ndogo, majeraha na nafasi za chini. Aidha, akiwa na umri wa miaka 12 au hivi aliacha kwao pwani akahamia Tunis, kwenye shule ya umma ya michezo ya taifa, ambako masomo na mazoezi vilikuwa chini ya paa moja. Ilikuwa shule ya serikali, wala haikuwa klabu ya matajiri. Nchi isiyo na utajiri wa Kanada ilikaa miaka mingi na binti mmoja hadi akakomaa, na huku kwetu Afrika Mashariki bado watu hudhani kwamba kombe la chipukizi likishafika uwanja wa ndege kazi imekwisha.

Hapa msomaji wa Uasin Gishu anaweza kuhoji kwa haki: mbio zinatosha, tenisi ya nini? Nyanda hizi zimejaliwa mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, hewa nyepesi na barabara za udongo zisizotozwa ada. Hewa ileile imjengayo mkimbiaji humsumbua mwanatenisi, kwani mpira hukimbia na kupaa kuliko kawaida, hata kanuni za ITF zimeruhusu mipira maalumu kwa mahali palipo juu ya mita 1,219. Viwanja vilivyopo Eldoret ni vichache, vingi vikiwa vya klabu, zilizorithi desturi za walowezi, ambako mlinzi wa lango hujua nani ni mwanachama na nani si mwanachama. Mbio hazina mlinzi wa lango.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau kwamba hata mbio hazikuwa kazi ya mwanamke hadi zilipofanywa kuwa kazi. Tegla Loroupe aliposhinda mbio za New York mwaka 1994, mwanamke wa kwanza wa Afrika kufanya hivyo, wasichana wengi wa Bonde la Ufa walikuwa bado wakihesabiwa kuwa wanapoteza muda. Lornah Kiplagat aliwajengea kambi Iten kwa fedha zake za mbio. Njia ambayo leo msichana wa Plateau huiona kana kwamba iliumbwa pamoja na milima, yaani kambi, meneja, mbio za barabarani zenye zawadi hadi nafasi ya kumi, ilitengenezwa na watu wanaojulikana katika muda usiozidi miaka 40. Mwinuko ulikuwapo tangu zamani bila kumlipa mtu.

Wala kulipwa kwenyewe hakuhitimishi habari za mwanamke. Oktoba 2021 Agnes Tirop, mshindi mara 2 wa shaba ya dunia ya mita 10,000, aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na umri wa miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake watupu. Wanariadha wenzake walijitokeza baada ya kifo chake kueleza jinsi wanawake wanavyonyang'anywa mapato yao na wanaume wanaojiita makocha, mameneja na waume. Kumbe hata palipo na malipo, kitenzi "kulipwa" huficha swali la pili: fedha huingia mkononi mwa nani? Tenisi, kwa jinsi ilivyo na wasimamizi wengi kati ya mchezaji na zawadi yake, haitakuwa salama zaidi kwa kuwa tu huchezwa kwa sketi nyeupe.

Basi wanaosomea Kiswahili wana kazi katika jambo hili, kazi ya kitaaluma wala si ya kushangilia. Lugha imetoa "seti", "raketi", "wavu" na "mkwaju", na imekubali "tenisi" bila ugomvi. Isipokuwa msamiati wa kazi yenyewe bado ni maskini. Mtangazaji akitaka kueleza kwamba mchezaji anatetea pointi zake za mwaka jana, au kwamba ameingia kwa mchujo, au kwamba amepewa nafasi ya upendeleo na waandalizi, hukimbilia Kiingereza au huliacha jambo lenyewe. Na jambo lisilo na neno halifiki kwa nyanya wa Loresho wala kwa mzazi wa Plateau, ambao ndio wanaopaswa kuamua kama binti aendelee au aache. Istilahi "nafasi ya upendeleo" iliyotumika hapo juu inaweza kupingwa, na ipingwe. Lililo muhimu ni kwamba dhana ipate makao. Hata "mchezaji wa kulipwa" inafaa kuwekwa mezani upya. Pengine "mchezaji wa kazi" ingekuwa karibu zaidi na ukweli, kwa kuwa kazi mtu aweza kuifanya na asilipwe, jambo ambalo kila mkulima wa mahindi wa Uasin Gishu analijua.

Ripota wa Kiswahili atakayemhoji Okutoyi, au Sada Nahimana wa Burundi ambaye naye alipitia vituo vya ITF na sasa ana miaka mingi ya kuzunguka viwanja vya nje, aache kuanza na utoto wao. Aanze na mwezi uliopita: wamecheza wapi, wamelala wapi, tiketi ilikuwa shilingi ngapi, wamebaki na pointi ngapi, wiki ijayo watatetea zipi. Majibu ya maswali hayo yatamfaa msichana mwenye raketi kuliko habari za dhiki ya nyanya, ambazo anazijua tayari kwao nyumbani.

Na majibu hayo yataonyesha mara moja mahali penye dawa nafuu. Gharama kubwa ya mwanatenisi wa Afrika Mashariki ni umbali. Januari 2024 Nairobi iliandaa mashindano ya wanawake ya ITF ya ngazi ya W35, na kwa wiki hizo wasichana wa Kenya walipigania pointi za dunia kwa nauli ya matatu. Kigali nayo ilianza mwaka huohuo kuandaa mashindano ya kulipwa ya ngazi ya kati, lakini ni ya wanaume. Laiti miji ya ukanda huu ingekubaliana kuandaa W15 za wanawake wiki kwa wiki, mchezaji angeweza kukusanya pointi za kumtoa chini bila kupanda ndege hata mara moja. Jumla ya zawadi za wiki moja, dola 15,000, ni kiasi ambacho kaunti na kampuni hutumia kwa sherehe ya siku moja. Eldoret, iliyopewa hadhi ya jiji Agosti 2024, iko katikati ya barabara kuu ya Nairobi na Kampala, na mabasi ya usiku hupita hapo kila siku yakiwa na viti vitupu.